Umegongwa na boda Isebania? Saa imeshaanza kuhesabu

Boda ikikugonga pale Isebania, watu hukusanyika, na mwenye pikipiki anakwambia: "Tumalizane hapa, nakutumia kitu kwa simu." Pesa inaingia, kila mtu anaenda zake. Wiki ijayo mguu unafura.

Hatukatazi watu kuelewana. Lakini ujumbe wa kupokea pesa huonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Hausemi kama ni za dawa ya leo au za kumaliza mambo yote. Andikeni, hata kwa karatasi ya daftari, pesa ni za nini, na muweke sahihi. Ujumbe wenyewe usiufute. Risiti za hospitali ulizolipa kwa simu pia ni ushahidi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali ya kuumiza mtu aripoti polisi upesi, isipite saa 24. Wewe uliyeumia usimngoje. Ripoti, chukua nambari ya OB, kisha ufuatilie abstrakti na fomu ya P3. Piga picha nambari ya pikipiki na stika ya bima kabla haijaondoka; kuitafuta baadaye ni kazi.

Kwenda kortini kudai fidia una miaka 3 tangu siku ya ajali. Aliyefariki, familia yake inahesabu miaka 3 tangu kifo. Kama aliyekugonga ni gari la serikali, ni miezi 12 tu, na hapo ndipo wengi huachwa. Mtoto huanza kuhesabiwa akifika miaka 18, ingawa mashahidi hawatamngoja akue.

Tena, kuzungumza na kampuni ya bima hakusimamishi saa. Unaambiwa "faili yako inashughulikiwa" hadi mwaka wa tatu unakwisha. Muone wakili mapema, ili bima pia ipewe notisi ya kesi kwa wakati.

Kama ajali imetokea ng'ambo, Sirari, ripoti ni kwa polisi wa Tanzania. Uliza kama pikipiki ya Kenya ilikuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, maana bima ya hapa nyumbani peke yake huenda isikusaidie kule.

Na ukipigiwa simu eti fidia yako iko tayari, ila utume kwanza ada ya faili, usitume. Kata simu, uende ofisi ya bima mwenyewe. PIN yako usimpe mtu.