Saratani ya Unyayo: Kuokoa Uhai bila Kuupoteza Mguu

Kwa mkulima wa kahawa wa Kigonsera, wilayani Mbinga, mguu ni nyenzo ya kazi kama lilivyo jembe. Hofu ya kukatwa mguu yaweza kumfanya mtu afiche baka jeusi la unyayoni hadi ligeuke kidonda kisichopona.

Baka la namna hiyo huenda likawa melanoma, saratani inayoanzia katika chembe zinazoipa ngozi rangi. Kwa Waafrika weusi ugonjwa huu ni wa nadra, na hutokea hasa unyayoni, kiganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo kikuu.

Tiba yake ya msingi ni upasuaji. Kufuatia mafundisho ya William Sampson Handley, daktari wa London, ya mwaka 1907, kwa miongo mingi uvimbe uliondolewa pamoja na ngozi pana isiyo na ugonjwa, mara nyingi sentimita 5 kila upande. Utafiti ulioongozwa na madaktari wa Sweden ulilinganisha ukingo wa sentimita 2 na wa sentimita 4 kwa wagonjwa 936 wenye uvimbe wa kina kinachozidi milimita 2. Matokeo ya mwaka 2019, baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka 20, yalionyesha kwamba walioachiwa ngozi zaidi waliishi sawa na wenzao.

Hata hivyo, kuhifadhi ngozi kuna mpaka. Nchini Uingereza, kwa uvimbe wa kina hicho hicho, ukingo wa sentimita 1 ulifuatiwa na vifo vingi zaidi vya melanoma kuliko ule wa sentimita 3.

Kinachoamua, basi, ni kina cha uvimbe. Usiozidi milimita 1 kwa kawaida huondolewa kwa ukingo wa sentimita 1, na pengo huweza kuzibwa kwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, mguu hubaki. Uliozama zaidi huweza kusambaa kwenye tezi za kinena, mapafu na ini, na hapo hata kuukata mguu mzima hakuhakikishi uhai.

Hivyo baka la unyayoni linalopanuka, kubadilika rangi au kutoa damu halifai kuchanjwa kwa wembe wala kuchomwa kwa dawa. Lipelekwe hospitali mapema, ili kinyama kichukuliwe na kupimwa. Baada ya upasuaji, unyayo na kinena huendelea kukaguliwa kwa miaka. Anayewahi ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kurejea shambani kwa miguu yake miwili.