Kiwanda cha Bamburi: jina halibadiliki, wenyewe hubadilika

Mfuko wa saruji ya Bamburi unaovushwa kwa feri hadi Likoni umebeba jina lile lile kwa miongo mingi. Wenye kiwanda, hata hivyo, wamebadilika mara kadhaa, na kwa muda mrefu mabadiliko hayo yalifanyika Ulaya bila mtu wa Kisauni kuulizwa neno.

Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka wa 1951 na Felix Mandl, mkurugenzi wa kampuni ya Cementia ya Zurich, Uswisi. Mahali hapakuchaguliwa kwa bahati. Ardhi ya ukanda huo ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba wa chokaa, ambao huokwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi hadi ukawa klinka, kisha husagwa pamoja na jasi. Tanuri la kwanza lilianza kazi mwaka wa 1954. Baadaye Blue Circle ya Uingereza iliingia kwa hisa sawa na za Cementia, na mwaka wa 1970 hisa ziliorodheshwa katika soko la Nairobi.

Mwaka wa 1989 kampuni ya Ufaransa, Lafarge, iliinunua Cementia yenyewe. Bamburi haikuuzwa, aliyeuzwa ni mwenye Bamburi. Mwaka wa 2001 Lafarge ikainunua Blue Circle pia, na mafungu mawili ya asilimia 29.3 yakawa chini ya mkono mmoja. Mwaka wa 2015 Lafarge iliungana na Holcim, na kiwanda kikawa kimerudi Uswisi kwa mlango wa nyuma.

Holcim ilipoamua kuondoka, mambo yakawa tofauti. Mnamo Julai 2024, Amsons ya Tanzania iliahidi Sh65 kwa kila hisa, yaani takriban Sh23.6 bilioni kwa kampuni nzima. Savannah Clinker ya Kenya ikajitokeza na Sh70, kisha ikapandisha hadi Sh76.55. Safari hii mwenye hisa mia moja alikuwa na uamuzi wa kufanya: kuuza kwa bei ya chini, au kungoja ile ya juu ambayo huenda isilipwe. Savannah ilijiondoa Desemba mwaka huo, na Amsons ikamaliza ikiwa na zaidi ya asilimia 96. Sheria ya Kenya humruhusu anayefikisha asilimia 90 kununua hisa zilizosalia hata kama mwenyewe hataki. Mwananchi wa kawaida aliyekuwa na kipande cha kiwanda hakubakiwa na nafasi kubwa ya kukataa.

Kwa wafanyakazi na majirani wa machimbo, la kuzingatia ni kwamba hisa zinapouzwa, kampuni hubaki ile ile kisheria. Mikataba ya kazi, madeni na wajibu wa kurekebisha mashimo haviondoki na mwenye hisa. René Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo hayo makavu mwaka wa 1971, enzi za Cementia, na jongoo wakasaidia kugeuza majani yake kuwa udongo. Msitu huo, unaoitwa leo Haller Park, umepita mikononi mwa wenyewe wote hao, na sasa ni zamu ya Amsons kuutunza.