Redio Inakwaruza? Cheki Filta Gani Inamaliza Kelele Gani

Dakika ya 89, mtangazaji anapiga nduru, ploti nzima inaruka, lakini wewe hujui nani amefunga. Redio imeamua kukwaruza saa hiyo hiyo! Hapo wasee wengi huwasha kila filta kwa app, na sauti inatoka mbaya zaidi. Ukweli ni kwamba hakuna filta moja ya kelele zote. Skiza kwanza ni kelele gani, ndio uchague dawa.

"Mmmm"
Mara nyingi hiyo ni stima. Umeme wa Kenya ni 50 Hz, na mngurumo wake hukaa hapo na kwa 100 Hz. Weka hai-pasi, yaani filta inayokata sauti za chini, kwa kama 150 Hz. Usiogope kupoteza maneno. Simu za zamani zilipitisha 300 hadi 3,400 Hz pekee na watu waliskizana tu poa.

"Shhhh"
Kwa FM, hii inamaanisha mawimbi yanakufikia yakiwa hafifu. Toa stereo, weka mono. Ile sehemu ya stereo hubebwa juu kabisa kwa mawimbi, mahali kelele ya FM ni nyingi, so ukiizima unaacha uchafu mwingi nje. Kama bado inasumbua, tumia lo-pasi, inayokata sauti za juu, kwa kama 4,000 Hz. Hiyo ni ya mpira na stori. Ngoma itaskika kama imefunikwa blanketi.

"Piiii"
Mluzi usiobadilika hupatikana sana kwa AM, stesheni mbili zikigongana. Hapa unataka nochi. Inakata kamstari kembamba tu pale mluzi uko na kuacha zingine.

"Trrrr"
Shuku chaja ya bei ya chini au balbu ya LED. Chomoa moja moja ukiskiza. Ukimpata mwenye makosa, hauhitaji filta hata.

Na ile batani ya NR?
Iweke ya mwisho. Hiyo inakisia sauti ipi ni ya mtu na ipi ni kelele, kisha inapunguza kelele. Iongeze polepole. Ukizidisha, mtangazaji anaanza kuskika kama anaongea ndani ya mtungi wa maji, na majina ya wachezaji ndiyo hupotea kwanza.

Kumbuka pia, filta hupunguza tu, haiwezi kurudisha sauti ambayo haikufika kwa redio. Keja ya mabati huzuia mawimbi, so vuta antena na usogee dirishani kwanza. Na kama unashika FM kwa simu, waya ya earphone ndiyo antena yako. Inyooshe, usiikunje kwa mfuko. Hiyo ni bure, na mara nyingi inashinda filta zote za app.