Maneno ya Viongozi Mitandaoni Wakati wa Vita: Namna ya Kutofautisha Onyo, Kebehi na Uamuzi

Ujumbe wa kiongozi unaoandikwa Kigali, Kinshasa au Kampala waweza kufika Runazi, mkoani Kagera, ndani ya dakika chache, mara nyingi ukiwa umenakiliwa kwenye kundi la WhatsApp bila tarehe wala maelezo. Kwa wananchi wa Ngara na Biharamulo, wanaoishi jirani na Rwanda na Burundi, na ambao Kihangaza na Kishubi chao kinakaribiana na lugha za nchi hizo, kuusoma vibaya ujumbe huo kunaweza kuzua taharuki, kukwamisha biashara au kumfanya jirani aonekane adui.

Kagera inaifahamu vita. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia Taifa uamuzi wa kuwapiga wavamizi. Wananchi waliisikia hotuba hiyo redioni, kutoka kwa kiongozi mwenye mamlaka ya kutoa uamuzi, na sababu zake zikiwa zimeelezwa.

Mitandao ya kijamii imebadili utaratibu huo. Ujumbe mmoja mfupi huzungumza kwa wakati mmoja na adui, wafuasi, askari walio mstari wa mbele na mataifa ya nje, na kila mmoja huusikia kwa namna yake. Mwishoni mwa Januari 2025, kundi la M23 lilipouteka mji wa Goma na askari wa Afrika Kusini wakapoteza maisha, Rais Paul Kagame wa Rwanda alimjibu hadharani Rais Cyril Ramaphosa kupitia mtandao wa X. Alieleza kwamba Afrika Kusini haina nafasi ya kuwa mpatanishi, na kwamba ikichagua makabiliano, Rwanda italishughulikia suala hilo kwa msingi huo. Majibizano ambayo zamani yangebaki kwenye simu au barua za kibalozi yalisomwa na dunia nzima.

Hata hivyo, Februari 8, 2025, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam na kuwaagiza wakuu wa majeshi kukutana ndani ya siku tano ili kuweka mwongozo wa kusitisha mapigano. Maneno makali mtandaoni hayakufunga mlango wa mazungumzo.

Jambo la pili ni uteuzi wa maneno. Tukio lile lile la Goma liliitwa ukombozi na M23, ilhali Serikali ya Kongo huliita kundi hilo la kigaidi. Anayesambaza neno mojawapo bila kutafakari huwa amekwisha kuchagua upande kabla ya kuufahamu ukweli.

Aidha, ukali wa ujumbe si kipimo cha uzito wake. Oktoba 2022, Jenerali Muhoozi Kainerugaba wa Uganda aliandika kwamba yeye na jeshi lake wangeweza kuutwaa mji wa Nairobi kwa muda usiozidi wiki mbili. Hakuna askari aliyevuka mpaka. Rais Yoweri Museveni aliwaomba radhi Wakenya, na Jenerali huyo akaondolewa katika ukamanda wa majeshi ya nchi kavu. Februari 2025, akiwa Mkuu wa Majeshi, aliyapa makundi yenye silaha mjini Bunia saa 24 kujisalimisha. Siku chache baadaye jeshi la Uganda lilithibitisha kuwa askari wake wamo mjini humo. Mwandishi ni yule yule na lugha inafanana. Kilichotofautisha ni cheo chake wakati huo, hatua zilizofuata na uthibitisho wa taasisi husika.

Ngara inayo kumbukumbu ya madhara ya maneno. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani humo kwa takriban saa 24, wakitoka katika nchi ambayo redio ilikuwa ikiwaita binadamu mende. Desemba 3, 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani watu watatu kutokana na matumizi ya vyombo vya habari kuchochea mauaji hayo.

Kabla ya kusambaza ujumbe wa aina hiyo, mwananchi anashauriwa kujiuliza: je, akaunti ni ya kiongozi mwenyewe? Umeandikwa lini, na upo kamili? Je, ofisi yenye dhamana imetoa tamko? Je, unaeleza uamuzi, au unatisha na kukebehi tu? Ikumbukwe kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha taarifa ambazo mhusika anajua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma.

Kwa masuala ya ulinzi na mipaka ya Tanzania, tamko hutolewa na mamlaka husika za Serikali. Pale tamko hilo linapokuwa bado halijatolewa, ujumbe wa kiongozi wa nchi nyingine usichukuliwe kuwa amri ya kuhama, kufunga biashara au kumshuku jirani.