Kumuuguza mzazi wakati wa kipupwe

Ndugu Waislamu, mwezi Juni na Julai upepo wa Dodoma hauwahurumii wazee wetu wa Chang'ombe. Anayemuuguza mzazi, akiitekeleza aya ya 23 ya Suratul Israa, hushinda ameketi chumbani hata viungo vikamkaza. Usiku huingiza jiko la mkaa na kufunga madirisha. Hapo ndipo penye hatari. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuwaua wote wawili usingizini. Mtume (S.A.W.) aliagiza moto uzimwe kabla ya kulala, baada ya nyumba moja ya Madina kuungua usiku, wamepokea Bukhari na Muslim. Mzee tumwongezee blanketi. Nasi tupokezane zamu, twende msikitini kwa miguu, damu ichangamke. Na tunapomwinua mgonjwa, tukunje magoti, si mgongo.