Senti Ishirini za Sam Walton

Kwani mwenye duka akipunguza bei, faida yake si itapungua? Wengi husema hivyo. Sam Walton wa Marekani alifuata hesabu tofauti.

Mwaka wa 1945, akiwa na miaka 27, jamaa huyu alinunua duka dogo mjini Newport, jimbo la Arkansas. Akiba yake ilikuwa dola 5,000; baba mkwe akamkopesha 20,000. Hebu tutazame hesabu aliyojifunza humo. Tuseme kitu umekinunua senti 80. Ukikiuza kwa dola 1 na senti 20, unapata faida ya senti 40. Ukikiuza kwa dola 1, unapata senti 20 tu. Lakini Walton aliona kwamba kwa bei hiyo ya chini aliuza mara tatu zaidi! Basi badala ya senti 40, mfukoni ziliingia 60.

Duka lilinoga mno, hata mwenye nyumba akalitamania mwanawe. Mkataba haukumpa Walton haki ya kuongeza muda, kwa hivyo mwaka wa 1950 alifungasha virago akahamia Bentonville, mji mdogo kabisa. Tarehe 2 Julai 1962 akafungua Wal-Mart ya kwanza katika mji jirani wa Rogers.

Matajiri wenzake waling'ang'ania miji mikubwa. Yeye aliingia vijijini, akajenga bohari kubwa, kisha akayazungusha maduka kando yake, umbali ambao lori lingefika kwa siku moja. Bidhaa alinunua kwa wingi moja kwa moja kutoka viwandani, bila dalali wa katikati kula chake. Na alikuwa bahili kwelikweli! Hata alipotajwa kuwa tajiri nambari moja Marekani mwaka wa 1985, bado aliendesha pikapu kuukuu. Kufikia 1990, hakuna kampuni ya maduka nchini humo iliyouza kuishinda yake. Alifariki mwaka wa 1992.

Hata hivyo, unafuu huo ulikuwa na wenyewe walioulipia. Wafanyakazi walilalamikia mishahara duni, naye Walton hakutaka kusikia habari za vyama vyao. Wenye maduka madogo nao wengi walifunga milango. Mtu anayenunua katoni mbili tatu angeshindanaje na yule anayenunua malori mazima?