Si kila pumzi yenye sauti ni pumu

VURRA, Uganda – Lori la maharage likikwama siku mbili kwenye foleni ya forodha, mzigo hauozi. Mtoto ambaye njia yake ya hewa imebana hana siku mbili.

Wafanyabiashara wa Arua na Koboko, na wenzao wa Aru na Ariwara upande wa Kongo, huvuka Vurra na watoto mgongoni. Mtoto akianza kupumua kwa sauti, neno la kwanza ni pumu. Dawa inanunuliwa, wiki zinapita, sauti inabaki.

Tofauti iko kwenye sauti yenyewe. Pumu hubana vijia vidogo ndani ya mapafu, na mluzi wake husikika zaidi mtoto anapotoa pumzi. Koo likibana, sauti husikika zaidi anapovuta pumzi, na huenda kilio kikawa hafifu au cha kukwaruza.

Chini ya nyuzi za sauti, njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 4 hivi. Ikivimba milimita 1 kuizunguka, unabaki upana wa milimita 2, na nafasi ya hewa kupita inakuwa robo tu ya ile ya mwanzo.

Wapo wanaozaliwa hivyo. Wengine huota kovu baada ya kulazwa siku nyingi na mpira wa kupumulia, na wengine huota vinyama kwenye nyuzi za sauti kutokana na virusi.

Tiba ipo. Mtoto akiwa usingizini kwa dawa, daktari hupitisha kamera mdomoni. Kovu changa huweza kupanuliwa kwa puto. Vinyama huondolewa, ingawa mara nyingi huota tena. Kovu gumu huhitaji upasuaji mkubwa: kipande cha gegedu ya ubavu wa mtoto mwenyewe hushonwa kooni ili kupanua njia. Anayezidiwa hutobolewa tundu shingoni. Tundu huokoa maisha, lakini mlezi lazima afundishwe kulisafisha nyumbani, kwa kuwa mpira wake ukiziba usiku, mtoto hufa.

Ubingwa huo uko katika hospitali chache. Kutoka Arua hadi Mulago, Kampala, ni karibu kilomita 500 kupitia Pakwach na Karuma. Hata hivyo, kwa familia ya Aru, Kampala ni karibu kuliko Kinshasa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya imeshagawana vituo vya ubingwa: figo Kenya, moyo Tanzania, saratani Uganda. Koo la mtoto halimo katika mgawanyo huo, ilhali wazazi wa pande zote mbili za mpaka huu wanalihitaji.

Kwa sasa, mzazi asikilize mapema. Sauti isipoisha, aombe barua ya rufaa, na kama mtoto aliwahi kuwekewa mpira wa kupumulia, amwambie daktari ulikaa siku ngapi. Mbavu zikibonyea mtoto anapovuta pumzi, midomo ikiwa ya bluu au akishindwa kunyonya, asianze safari ya Kampala. Aende hospitali iliyo karibu, mtoto apate oksijeni kwanza. Biashara itasubiri.